Kitanda cha Mzee Nyamongo

Mombasa,
14 Julai 1969

Kwa ndugu yangu Walter,

Salamu nyingi kutoka Pwani. Mimi na watoto tu wazima, joto tu ndilo linalotusumbua. Natumaini kazi ya ofisi inaendelea vizuri, na kwamba bado hujamkimbia mkubwa wako kwa kusikia viatu vyake kwenye ngazi.

Fundi ameniandikia kwamba nyumba ya Mama imekwisha. Mabati yamepigwa, sakafu ya saruji imekauka na vioo vya madirisha vimewekwa. Desemba nitakuja na familia yangu, na wenzangu watatu wa bandarini wamesema watanisindikiza wapajue kwetu. Tutaifungua nyumba kwa maombi, na wiki hiyo hiyo wewe utafunga ndoa. Watu watakuwa wengi.

Sasa sikia. Sitaki nyumba mpya ijazwe takataka za nyumba ya zamani. Nasema vile viti vya ngozi vilivyolegea, ile meza inayoyumba, lile kabati la wavu ambalo panya huingia na kutoka kama kwao, na kitanda cha marehemu Baba. Vyote viondoke. Makochi nimeshaagiza, na kitanda cha chuma chenye springi kitafika Kisumu kwa reli. Mama amelala juu ya kamba maisha yake yote. Sasa naye alale kama mtu.

Fanya kazi hiyo mwezi wa Agosti, Mama akiwa makambini na wenzake wa kanisa. Akirudi akute mambo yamekwisha.

Wewe ndiye uliye karibu. Nakutegemea.

Kaka yako,
Manasseh Machogu


Kisii,
23 Julai 1969

Kaka mpendwa,

Nimepokea barua yako ya tarehe 14 na nimeyaelewa yote yaliyomo. Asante kwa nyumba. Jumapili nilipanda Manga kuiona. Ukiwa bado kule chini barabarani, mabati yanakumulika machoni. Mama alinionyesha kila dirisha, akanifungulia na kunifungia, kisha akarudi kuketi katika nyumba ya zamani.

Kuhusu viti, meza na kabati, sina neno. Kuhusu kitanda naomba uniwie radhi nikuulize kabla ya kutenda. Chumba kile cha ndani sijakikanyaga tangu nilipotahiriwa, wala wewe hujakikanyaga. Na nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala kwa Nyanya, kwa hiyo hata kutoka utotoni sikikumbuki. Kitanda chenyewe sijui kinafananaje. Unajua kwamba kwetu mwana hagusi kitanda cha babake, wala hakitazami. Baba amefariki, lakini sidhani kwamba ile haya iliyokuwa kati yetu naye imezikwa pamoja naye. Nikikishika kwa mikono hii, halafu miezi minne baadaye niende kuoa, nitakuwa nimebeba nini mgongoni? Nawaza pia juu ya watoto ambao hawajazaliwa. Labda utasema ni woga wangu wa kawaida.

Jambo jingine: sijui kama Mama ameulizwa. Je, haingefaa umwandikie kwanza? Mimi nitafanya lolote utakaloamua. Sijasahau nani alinisomesha.

Wako mtiifu,
Walter Ombui


Mombasa,
1 Agosti 1969

Walter,

Ukimwuliza Mama atalia, na akilia wewe nawe utalia, na vitu vile vitakaa pale mpaka mchwa wavimalize. Usimwulize.

Kuhusu kitanda, nani alikwambia ukishike? Hapo mjini si kuna wanunuzi wa vitu vya zamani? Tafuta mmoja ambaye si wa ukoo wetu. Mtu wa mbali hana haya yoyote na Mzee Nyamongo. Aingie yeye, akitoe yeye, aende nacho. Wewe geuka utazame migomba. Haya yako itakuwa imetunzwa, na kazi yangu itakuwa imefanyika.

Umesoma mpaka Kidato cha Nne. Tumia masomo hayo.

Manasseh


Kisii,
25 Agosti 1969

Kaka mpendwa,

Kazi uliyoniagiza imefanyika. Naona ni vyema nikueleze jinsi ilivyokuwa, ili baadaye pasiwe na swali.

Nilimpata mtu anayeitwa Ogari, ana banda la samani kuukuu nyuma ya soko. Nimehakikisha kwamba hatuna undugu naye, si kwa kuzaliwa wala kwa kuoana. Alikuja Manga Jumatano na pikapu na wapagazi wawili. Ni mtu wa maneno mengi. Alipoliona kabati la wavu alisema, "Karani, humu mliwafuga panya au mliwafungulia hoteli?" Viti na meza nilisaidia kubeba mwenyewe.

Ilipofika zamu ya chumba cha ndani nilimwambia aingie bila mimi. Akaniuliza, "Kwani kuna nini? Kitanda kinauma?" Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikaipa nyumba mgongo. Niliwasikia wakibishana mlangoni kwamba hakipiti, wakakilaza ubavu, wakakigonga. Mmoja wao akasema, "Aliyekitengeneza hiki alikuwa ndani ya chumba hiki hiki. Hakutaka kitoke." Sikugeuka. Nilitazama mkungu mmoja wa ndizi mpaka nikasikia gari likiteremka. Kaka, mkungu ule hata leo naweza kukuchorea.

Mama alirudi jana. Nilikuwa nimebaki kumngoja. Alipita sebuleni, akaingia chumbani, akakaa huko kitambo. Alipotoka aliniuliza kama nimekula. Nilimwambia kwamba ni wewe uliyeagiza. Naomba usinikasirikie kwa hilo.

Wako mtiifu,
Walter Ombui


Manga,
7 Septemba 1969

Mwanangu Manasseh,

Barua hii inaandikwa na Mzee Jethro Obwocha wa kanisa letu. Mkono ni wake, maneno ni yangu, na nimemwambia asiyapambe.

Nimetoka makambini nikakuta nyumba imefagiwa. Viti na meza sivililii. Kitanda nakililia. Baba yako alikitengeneza mwaka tuliooana, mle mle chumbani, kwa mbao nyekundu alizozibeba kichwani kutoka Sotik. Mguu wake mmoja ulipovunjika, mwaka ule wa nzige, aliutoa akaweka kipande cha nira ya ng'ombe wake wa kulimia. Kipande hicho kina tundu pale palipopita kamba. Nikikosa usingizi nilikuwa natia kidole changu katika tundu hilo, na usingizi ulikuja. Nyinyi nyote mlizaliwa juu ya kitanda hicho. Baba yako alikatia roho hapo.

Mambo haya siwezi kumweleza Walter tukitazamana. Ni mambo ya chumbani kwa babake. Hata wewe nakueleza kwa sababu uko mbali, na kwa sababu anayeandika ni mtu wa rika la baba yako. Simlaumu Walter. Yule anaogopa watu wote, na anakuogopa wewe kuwapita wote. Mwambie tu akitafute kitanda changu akirudishe. Usimweleze mengi. Hicho cha chuma kikija nitawalaza wageni.

Mzee Obwocha ananiuliza kama nimemaliza. Nimemaliza.

Mama yako,
Bonareri


Mombasa,
20 Septemba 1969

Walter,

Mama ameniandikia. Anashukuru sana. Kitanda cha springi kimepakiwa leo kwenye treni, kakipokee Kisumu.

Manasseh


Sironga,
15 Januari 1970

Kwa mume wangu Walter,

Neno hilo bado linanichekesha nikiliandika. Walimu wenzangu hapa wamenipa jina jipya, "Bibi wa Ijumaa", kwa sababu kengele ya Ijumaa ikilia huwa nimeshika kikapu tayari kuja Kisii. Waache waseme.

Nakuandikia kukuzuia usinunue kitanda. Nimepata. Mwezi mzima tangu tuoane unalala kwenye godoro sakafuni kama mtu aliyekuja matangani, nami nikija tunakuwa wawili matangani. Kuna fundi anaitwa Nyangate, soko la Nyamira, ambaye hukusanya samani kuukuu kutoka Kisii na kuzitengeneza upya. Jumatatu nilipita kwake nikakiona. Ametoa kamba zote akaweka mbao, akakipiga randa na vanishi, na sasa kinang'aa kama dawati jipya. Lakini ufundi wenyewe ni wa mtu wa zamani, hakuna msumari hata mmoja, mbao zimeumana zenyewe. Nilimwuliza Nyangate kilikuwa cha nani. Akasema, "Mwalimu, kitanda hakina jina. Kina miguu tu."

Na hiyo miguu, mmoja ni wa mbao tofauti. Una tundu ambalo alitaka kuliziba kwa gundi na vumbi la mbao nikamkataza. Sijui kwa nini nimelipenda. Ukitia kidole, kinaingia kama kimepimwa.

Mjomba wangu atakileta Jumapili kwa pikapu yake. Tafadhali usianze kuogopa kwamba ni kikubwa mno. Ni kikubwa, ndiyo.

Wako,
Eucabeth


Kisii,
20 Januari 1970

Mpenzi Eucabeth,

Kitanda kimefika salama. Kimejaza chumba chote. Nikitaka kufungua dirisha sharti nipande juu yake, na mpangaji wa jirani amekuja kuuliza kama nimefungua nyumba ya wageni. Nikamkaribisha chai.

Nilikiogopa kidogo, kama ulivyotabiri. Kisha nikalala, nikaamka asubuhi nimechelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Sijalala hivyo tangu nilipokuwa mtoto kwa Nyanya. Asante, mke wangu. Umeniwekea nyumba.

Jambo moja tu linanisumbua, nalo ni Mama. Uliona mwenyewe wakati wa arusi. Kitanda cha springi amekitandika shuka jeupe, na hakuna anayekilalia. Nilipita juzi nikagundua kwamba bado analala katika nyumba ya zamani, kwenye ngozi, karibu na moto. Nilipomwuliza alisema kwamba chuma kinapiga kelele. Lakini kwa Manasseh aliandika kwamba anashukuru sana. Sielewi. Na kumwuliza zaidi naogopa.

Njoo Ijumaa.

Wako,
Walter


Kisii,
15 Juni 1970

Kaka Manasseh,

Nakuandikia kwa haraka nikiwa ofisini kabla wengine hawajafika, kwa hiyo uniwie radhi mwandiko.

Unajua kwamba Eucabeth ni mjamzito. Amebakiza miezi minne. Jana, kwa kuwa kunguni walikuwa wameanza kumsumbua, tuliamua kutoa kitanda chetu uani tukitie maji ya moto na mafuta ya taa. Ni kile alichokinunua Nyamira kwa fundi. Tulikisimamisha juani, vanishi ikaanza kububujika kwa yale maji, na rangi ya mbao ikaonekana, nyekundu.

Mama akaingia uani. Hakuwa ametupa habari kwamba anakuja. Alikuwa amembebea Eucabeth unga wa wimbi na ndizi. Alimsalimu, akamshika tumbo, akamtania kwamba mtoto amekaa kama mtu anayetaka kuvuka mto. Alikuwa anacheka. Kisha akakiona kitanda.

Alitua mzigo. Akakizunguka pole pole. Alipofika kwenye ule mguu wa mbao tofauti akachutama, akatia kidole katika tundu, akakiacha humo. Eucabeth akamwambia, "Mama, hata mimi hupenda kufanya hivyo." Mama akamtazama, Kaka, sijawahi kuona mtu akitazamwa hivyo. Akauliza, "Nani analala hapa?" Eucabeth akasema, "Sisi." Akauliza tena, "Tangu lini?" Mimi ndiye niliyejibu. Nilikuwa bado sijaelewa.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Walter, ondoka hapo. Usikitazame." Akavua kanga yake ya begani akaufunika ule mguu, ambao sasa niliuona kuwa ni kipande cha nira ya ng'ombe wa Baba. Hapo ndipo nilipoelewa.

Aliomba maji, akanywa akiwa amesimama. Hakuingia ndani. Alisema, "Mtu asilale juu yake mpaka niseme." Akaenda kupanda basi. Nilimfuata hadi stendi.

Leo mapema nilimwendea Ogari. Akasema ndiyo, kitanda cha Manga alimwuzia fundi mmoja wa Nyamira, akaniuliza kama nimekikumbuka. Kaka, nilisimama kwenye migomba nisikione, na kwa sababu sikukiona sikukijua, na kwa sababu sikukijua nimelala juu yake miezi mitano na mke wangu. Mtoto huyu ametungwa hapo. Kila nilichofanya ili nisivuke, ndicho kilichonivusha.

Jana jioni nilimwita mchungaji. Alisema haya ni mambo ya giza na sisi tu watu wa nuru. Nilimkaribisha akae kitandani, maana kiti tulicho nacho ni kimoja na Eucabeth alikuwa amekikalia. Akasema kusimama kunamfaa mgongo.

Nifanye nini? Nijibu upesi.

Walter


Mombasa,
24 Juni 1970

Walter,

Kichome. Mwite huyo Ogari akivunje, akichome mbali, na jambo hili lisifike Manga kwa watu. Nitakutumia kingine.

Acha kujitisha. Mambo ya nira na matundu Mama aliniandikia tangu Septemba, nikaona ni huzuni ya mjane ambayo itapita. Kama ningekwambia, ungezunguka Kisii nzima ukitafuta mbao. Niliyafanya haya yote ili Mama aishi vizuri. Hakuna anayekumbuka hilo.

Manasseh


Kisii,
5 Julai 1970

Kaka,

Nimepokea barua yako ya tarehe 24 Juni.

Uliniandikia kwamba Mama anashukuru. Barua yako hiyo ninayo. Ungeniambia neno moja juu ya nira, ningemkataza Eucabeth, na kitanda kingerudi kwake kabla ya Krismasi.

Sitakichoma. Nimekiegemeza ukutani, nimekifunika blanketi. Eucabeth analala kwenye godoro la sakafuni nami nalala kwa jirani yangu, ambaye haulizi tena maswali. Tunangoja neno la Mama. Siwezi kumwandikia, kwa maana barua zake husomwa na Mzee Obwocha, na sitaki mzee wa rika la Baba asome jambo hili kutoka mkononi mwangu. Shule ikifungwa mwezi wa Agosti Eucabeth atakwenda Manga kukaa na Mama mpaka ajifungue. Amesema yeye haogopi kuuliza. Mimi naogopa jibu, lakini ni jibu la Mama ninalolingoja sasa, si lako.

Walter Ombui


Manga,
18 Oktoba 1970

Kwa Walter,

Umekwisha kupata habari kutoka kwa dereva wa basi, lakini nataka uisome kwa mkono wangu: mtoto ni wa kiume, amezaliwa Alhamisi alfajiri, ni mzima, vidole vyote vipo, sauti anayo kupita kiasi. Mimi pia ni mzima. Pumua sasa. Najua ulikuwa hupumui.

Miezi hii miwili na nusu Mama hakuligusa lile jambo hata mara moja. Tulichuma pareto pamoja, tulipika pamoja, alinikanda miguu. Kila nilipoanza kuuliza alisema, "Ngoja." Nilidhani ananichukia kimya kimya. Usiku wa uchungu ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa anaogopa. Mkunga alipomtoa mtoto na mtoto akakawia kulia, Mama alipiga magoti kwenye jivu akasema kwa Kikwetu, "Nyamongo, usiwafanyie hivi, hawakujua." Mtoto akalia. Mama akaketi pale pale kwenye jivu, na hakuweza kusimama mpaka tulipomshika.

Leo ameniita nichukue kalamu. Yanayofuata ni yake. Amesema nisiyapambe.

"Walter mwanangu. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na neno. Sikuwa najua mtoto atakuja vipi, na sitaki mbuzi wa kuchinjwa, sisi ni watu wa Sabato. Sasa amekuja. Ni mvulana, na jina lake ni Nyamongo, hilo halina mjadala.

"Kati ya baba na mwana kuna haya. Kati ya babu na mjukuu hakuna. Wewe mwenyewe ulilala na Nyanya yako, mkagombania blanketi, na hakuna aliyewahi kusema umekosa. Mjukuu hulala kwa babu yake, humvuta ndevu, humwita mwenzake. Kwa hiyo kitanda hicho hakikupotea. Kimekuwa kwa mwenyewe tangu alipotungwa, nanyi mlikuwa mmemshikia. Nimeliwaza hili tangu Alhamisi na sioni mahali linapovuja.

"Kirudi Manga, chumba kile kile. Mimi nitalala juu yake na Nyamongo kila mnapokuja, na akikua kitakuwa chake.

"Lakini usidhani nimesahau. Kwa baba yako hukukosa. Ulimgeuzia mgongo kama inavyopasa. Mimi ndiye uliyenikosea. Mlihangaika nani atakishika na nani atakitazama, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani anakilalia. Ungeniuliza ningelia, ndiyo. Kulia si ugonjwa."

Mwisho wa maneno yake. Sasa ni mimi. Mtafute Ogari, mlete kitanda Jumapili ijayo. Na ulete nepi, hizi zimekwisha.

Mama Nyamongo (nimelijaribu, lasikika vizuri)


Kisii,
26 Oktoba 1970

Kaka Manasseh,

Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na watoto.

Jana tulirudisha kitanda. Sikumtafuta mtu mwingine, nilimrudia Ogari yule yule. Njia nzima alinitania. Tulipofika aliniuliza, "Karani, safari hii pia utatazama migomba?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka, kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Alivua kofia yake kabla ya kuingia. Sikumwomba.

Nilisimama pale pale. Mkungu ule nilioutazama mwaka jana ulikatwa zamani, na mgomba wenyewe pia. Niliwasikia wakikilaza ubavu mlangoni, wakikigonga, wakibishana kama mwanzo. Niliusikia mguu wa nira ukigusa sakafu, maana una mlio wake. Huo nimeujua sasa. Namjua Baba, kwa upande huo, zaidi ya inavyompasa mwana, na hilo hakuna atakayeniondolea. Mama hakusema limefutika. Alisema mtoto hana neno. Mimi nitakaa na langu.

Ogari na watu wake walipotoka, Mama aliingia na mtoto. Ukuta ni wa udongo, unasikia kila kitu. Nilimsikia akimlaza. Kukawa kimya, nikajua kidole kiko wapi. Kisha akasema kwa ile sauti ambayo akina nyanya humchezea nayo mjukuu wa kiume, "Mume wangu, ulichelewa sana. Sogea basi, na mimi nilale." Halafu akacheka. Kaka, tangu tumzike Baba sikuwa nimeisikia sauti hiyo ndani ya chumba kile.

Sikugeuka.

Kitanda chako cha springi kiko katika nyumba mpya, chumba cha mbele, kimetandikwa shuka lile lile jeupe. Mama hufua shuka hilo kila Ijumaa na hakuna aliyelilalia bado. Nilimwuliza jana analifulia nani. Safari hii nilimwuliza mwenyewe. Akasema ni la Manasseh, na kwamba hajui kwa nini unakawia.

Ndugu yako,
Walter Ombui